Barua ya wazi kwa mheshimiwa aliyepima katoni yangu mbele ya watu

Nakuru

Mheshimiwa,

Salamu kutoka sokoni. Natumaini ulifika nyumbani salama Ijumaa, na kwamba tope letu halikuviharibu viatu vyako. Jina lako sitalitaja, wala ofisi yako. Wewe unajijua. Mimi ni yule mama uliyemsimamisha kando ya mizani, ukaitisha katoni ya korosho, ikapimwa, ukashika kipaza sauti ukatangaza kwamba napunja wateja kwa sababu haikufika kilo 25, halafu ukaongeza: "Na bado anauza kama dhahabu!" Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Tangu siku hiyo wabeba mizigo wananiita Mama Dhahabu, na wateja wawili niliowakopesha wamegoma kulipa. Wanasema serikali yenyewe imethibitisha kwamba mimi ni mlanguzi.

Kuhusu uzito, nikusaidie. Katoni ya korosho ni ratili 50, yaani kilo 22.68, na imeandikwa hivyo ubavuni. Maandishi yalikuwa upande wako.

Uliuliza kwa sauti kubwa kwa nini bei ya jumla imepanda, kisha ukaingia garini kabla sijafungua mdomo. Nimeona nikujibu kwa maandishi. Pengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Korosho haitoki Njoro, Mheshimiwa. Mikanju, yaani miti ya korosho, iko Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River, na zaidi kule ng'ambo ya mpaka, Mtwara na Lindi. Kwa mkulima inatoka ikiwa ghafi, ndani ya ganda lenye mafuta yanayobabua ngozi, si kitu cha kumenya kwa vidole kama njugu. Ni lazima ipitishwe motoni au kwenye mvuke, ibanguliwe, ikaushwe, ivuliwe ngozi, ichambuliwe. Kilo 4 mpaka 5 za ghafi ndizo zinazotoa kilo 1 ya nyeupe unayoitafuna. Kwa hiyo shilingi 10 ikipanda kule chini ya mkanju, kwangu imeshakuwa 40 au 50 kabla lori halijawashwa. Hesabu hiyo haikuwemo kwenye hotuba.

Tena korosho si aina moja. Ile uliyoishika ni nzima, namba 320, maana yake ratili moja hubeba punje kama 320. Za 240 na 180 ni kubwa zaidi, na bei yake inapaa. Zikivunjika zikawa nusu na vipande, bei inashuka, na wanunuzi wake ni watu wa keki na mikate. Wewe ulichukua bei ya nzima yangu ukailinganisha na ya vipande vya jirani. Ni kama kumshtaki mwenye bucha kwamba sarara yake imezidi bei ya matumbo.

Halafu kuna walio mbali, ambao hawajui kama Nakuru ipo. Wenye viwanda vya Vietnam na India ndio wanaonunua sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Afrika, na wao wakikohoa sisi tunashikwa na homa. Afrika Magharibi, hasa Kodivaa, huvuna kuanzia Februari mpaka kama Juni. Huku kwetu na Tanzania mavuno huanza Oktoba au Novemba, za wenzetu zikiwa zimekwisha ghalani. Mwaka 2024 mavuno ya magharibi yalikuwa haba, wanunuzi wakakimbilia upande huu, na Oktoba ile mnada wa Mtwara ukavuka shilingi 4,000 za Tanzania kwa kilo ya ghafi. Mwaka 2018 mambo yalikuwa kinyume. Wanunuzi waliweka bei ya kudhalilisha, mpaka Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa 3,300 na jeshi lisombe mzigo. Bidhaa iliyowahi kusombwa na wanajeshi unadhani inapangiwa bei na mimi, mwenye kibanda cha mabati?

Usifikiri kwamba aliyenenepa ni mkulima wa Kilifi. Kule Tanzania kuna stakabadhi ghalani tangu 2007, mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa risiti, unauzwa kwa mnada, bei ya mnada inasomwa redioni, na anayelima anaijua hata kama hairidhishi. Kwetu dalali anakuja na pishi yake mwenyewe, chombo chake cha kupimia. Mwingine hununua maua: mkanju ndio kwanza umechanua, mzazi amebanwa na karo, anauza mavuno ambayo hata hayajafunga. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza ghafi nje ya nchi, na sheria ya 2013 ikakaza kamba, ili viwanda vya nyumbani vishibe. Nia njema kabisa. Ila kiwanda kikubwa cha Kilifi, kile cha miaka ya 1970, kilikuwa kimekufa tangu miaka ya 1990. Mkulima akabaki na wanunuzi wachache wa kumchezea, na mikanju mingi ikaishia makaa. Mimi si mchumi, lakini nadhani ndiyo maana hata msimu ukiwa mzuri mzigo hautoshi, na wabanguaji wanang'ang'ania kidogo kilichopo.

Dola nayo sijaielewa mpaka leo. Januari 2024 ilipogota shilingi 160, dalali wangu alipandisha bei akasema ni dola. Ilipoteremka chini ya 130 katikati ya mwaka, nilimpigia simu kwa furaha. Akanijibu, "Mama, hii ni stoki ya zamani." Stoki hiyo haijaisha mpaka leo.

Sasa kaa vizuri, Mheshimiwa, maana hapa ndipo unapoingia wewe.

Kutoka Kilifi hadi hapa mzigo unakatiza kaunti nyingi. Dizeli tunaijua, kila tarehe 14 ya mwezi tunangoja bei mpya kama wanaongoja matokeo ya mtihani, na ushuru wake wa VAT uliruka kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Hiyo tumeimeza. Kinachonikaba ni sesi, ule ushuru wa mazao unaotozwa na kaunti. Safari ya mwezi uliopita nilileta katoni 12, na daftarini nimebandika risiti nne za mzigo huo huo. Mbili hazina mhuri. Malipo ya tano hayana karatasi, hayo yanaitwa chai. Kwenye kizuizi cha nne, ambacho nacho sitakitaja, dereva alionyesha risiti tatu za nyuma akaambiwa hizo ni za huko zilikotoka. Akalazwa hapo mpaka asubuhi. Usiku mvua ikanyesha, na turubai lilikuwa na tundu. Katoni tatu zililowa, na zetu za soko la ndani hazifungwi kwa kufyonzwa hewa kama zile za Ulaya. Korosho ikinywa maji inalegea kama maharagwe, halafu inaingia ukungu. Moja niliitupa. Mbili nilizianika, nikazikaanga upya, nikaziuza kwa bei ya vipande, nikiomba asitokee mtu wa kuumwa tumbo.

Fedha za mzigo ule zilikuwa za chama, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana. Jumapili wenzangu walikuja, kwa upole kabisa, wakachukua mashine yangu ya kufungia pakiti iwe rehani. Siwalaumu, hata mimi nilipiga kura hivyo hivyo kwa mwenzetu mwaka jana. Lakini vijana wanaouza pakiti kwenye madirisha ya matatu walikuwa wakichukua kwangu alfajiri. Sasa wanapita wakinisalimia tu. Nami nimepandisha kilo ya nzima kutoka 1,200 hadi 1,450, kwa sababu zile katoni tatu lazima mtu azilipe. Hiyo ndiyo dhahabu uliyoiona Ijumaa.

Unakumbuka mkutano wa miaka miwili iliyopita, ule wa ukumbini? Uliketi meza ya mbele. Bakuli la korosho lililokuwa mbele yako lilitoka kwangu, na ulilimaliza peke yako. Nilifurahi, nikasema moyoni huyu anaijua mali. Ukasimama ukatuahidi kwamba ndani ya siku 90 mzigo utalipiwa sesi mara moja tu, kule unakotoka, na risiti hiyo itaheshimiwa njia nzima. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Labda siku za ofisini ni ndefu kuliko za sokoni.

Sikatai kwamba sesi ni sehemu ndogo ya bei. Wenye viwanda wa Vietnam wana sehemu kubwa zaidi, na dalali, na mvua, na dola. Hao huwawezi, nami sikulaumu. Risiti unaiweza. Ni karatasi.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na maombi mengi: bei ya ghafi isomwe redioni na huku kwetu, pishi zipimwe, miche igawiwe, uje uniombe radhi kwa kipaza sauti kile kile. Nimeyafuta. Ya radhi nimeyafuta mara mbili. Nataka risiti moja tu, Mheshimiwa. Ulipe mara moja, upite. Risiti moja.

Jumanne usiku lori linatoka Kilifi na katoni 8, ndizo nilizoweza. Dereva atakuwa na risiti ya kwanza mfukoni, yenye mhuri, nimemsisitizia mhuri. Nambari ya gari nimeiacha kwa karani wako Jumatatu asubuhi, akaiandika nyuma ya bahasha. Tafadhali muulize bahasha iko wapi.

Wako mtiifu, mlipa ushuru mara nne,

Mama Dhahabu