Dawa ya bakteria si feki, imechelewa kufika shambani

Dawa tunayoizungumzia ni bakteria hai, Basilasi, wa kukinga nyanya na ugonjwa wa ukungu uitwao mnyauko fuzari. Dukani kwetu malalamiko ni yaleyale kila msimu: "Mmeniuzia dawa feki, nyanya zimekauka." Tukiuliza ilimwagwa lini, jibu ni kwamba majani ya chini yalishaanza kuwa ya njano. Hapo mnyauko fuzari umeshaziba mirija ya maji ndani ya shina, na hakuna bakteria atakayeufuata humo.

Basilasi anauwahi mzizi. Anautanda, anakula utomvu ambao ukungu ungeula, anatoa kemikali za kuuzuia. Basi aingie mapema: kwanza kitaluni siku moja kabla ya kung'oa miche, trei ziloe mpaka chini, pili siku ya kupandikiza, mililita 200 kila shimo, jioni, tatu shinani, baada ya wiki mbili au tatu.

Kwenye hizo mililita 200 ndipo watu wanapobana. Ekari kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 75 hubeba miche karibu 9,000, yaani lita 1,800, mabomba 90 ya kupulizia ya lita 20. Mtu akipiga hesabu hiyo anamimina dawa yote kwenye mabomba matano na kupulizia majani. Mzizi haukupata kitu. Mwingine, kuokoa kibarua, anaichanganya na kopa, dawa ya shaba ya ugonjwa wa bakajani. Kopa huua ukungu na bakteria pia, na hawa ni bakteria!

Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwenye ndoo wazi usiku kucha. Ya ziwani yachuje.

Bei ni kubwa kuliko dawa za kawaida za ukungu, kweli. Unanunua viumbe hai, lazima vikae kivulini pakiti ikiwa imefungwa. Ndiyo maana hatufungui pakiti tukupimie kwa kijiko, hata ukitubembeleza.

Na si kila mnyauko ni fuzari. Kata shina: mistari ya kahawia ndani ni dalili ya fuzari. Kipande kikining'inizwa kwenye glasi ya maji safi kikatoa uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria, na dawa hii hatukuuzii. Mizizi ikiwa na vinundu, minyoo fundo, vijidudu vidogo vya udongoni, imeshaifungulia fuzari mlango. Minyoo hiyo huupenda sana udongo wa kichanga, luseni. Ishughulikie minyoo kwanza.

Kwa hiyo usituletee picha ya jani. Ng'oa mche mzima na mizizi yake, utie kwenye mfuko, uje nao.