Aliyesoma viputo tu hajasoma kitabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwatetee wapenzi wa riwaya za picha na riwaya za njozi, yaani zile za uchawi na dunia za kubuni, na hapohapo niwape mkono wale waliojaribu kuzisoma wakakata tamaa. Malalamiko yanayosikika ni mawili. La kwanza ni la aliyenunua riwaya ya picha yenye kurasa 200, akaimaliza kwa nusu saa, akaona pesa yake imepotea. La pili ni la aliyefungua riwaya ya njozi, akakutana na majina ishirini na falme tano katika sura ya kwanza, akaifunga. Siwalaumu. Shuleni tulifundishwa kusoma maneno. Picha na dunia za kubuni tuliachiwa tujifunze wenyewe.

Nianze na picha. Aliyemaliza kurasa 200 kwa nusu saa amesoma viputo tu, yaani vile vibofu vyenye maneno ya wahusika. Hadithi nyingi imebaki kwenye karatasi. Ukifungua ukurasa, usisome neno lolote kwanza. Utazame wote huku ukihesabu moja hadi tano: fremu ipi, yaani kisanduku kipi cha mchoro, ni kubwa kuliko nyingine, weusi umejaa wapi, jicho linavutwa kwenda wapi. Kisha anza juu kushoto, nenda kulia, shuka safu kwa safu. Ndani ya fremu moja, kiputo cha juu husomwa kabla ya cha chini, na vikilingana kimo, cha kushoto hutangulia. Mkia wa kiputo unaelekea kwa msemaji. Ukiwa ni mlolongo wa vipovu vidogo, mhusika anawaza. Kingo zenye meno ya msumeno mara nyingi ni ukelele, au sauti inayotoka redioni au kwenye simu. Kisanduku cha pembe nne kisicho na mkia kwa kawaida ni cha msimulizi. Ukimaliza maneno, rudia ukurasa uleule kwa picha peke yake. Hapo ndipo unapogundua kwamba yule mzee anayecheka katika fremu ya tatu alikuwa ameficha mkono mgongoni tangu fremu ya kwanza.

Raha yenyewe hasa imo katika mianya, ile nafasi nyeupe inayotenganisha fremu na fremu. Tuchukue kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyeuawa na mwanawe, ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili wanakijua. Fremu ya kwanza: usiku, mkono wa kijana umeshika sindano ya shaba, baba amelala chali. Fremu ya pili: kisimani, Liyongo amepiga goti, mshale uko kwenye upinde, na watu wamesimama mbali na mitungi mitupu. Pigo halikuchorwa popote. Limetokea mwanyani, ndani ya kichwa cha msomaji, na kila msomaji amelipiga kwa nguvu zake mwenyewe. Fremu hizo mbili hazina hata tone la damu, lakini zinaweza kutisha kuliko ukurasa mzima wa mapanga. Halafu kuna la zaidi. Katika mchoro kila mtu ametulia, aliye hai na aliyekufa. Watu wa kisimani waliogopa kusogea kwa kuwa hawakuweza kujua kama shujaa ameshakufa, na anayeitazama fremu hiyo yumo katika shaka yao hiyohiyo. Maneno pekee yangemlazimisha msimulizi aseme mapema au afiche kwa makusudi. Picha inaonyesha kila kitu, na bado siri haijatoka.

Muda nao unachorwa. Fremu nyembamba nne za uso uleule, ukibadilika kidogo kidogo, huchelewesha dakika moja mpaka moyo uanze kudunda. Fremu pana isiyo na neno ni kimya, na kimya hicho kisirukwe. Fremu isiyo na mipaka kabisa hufanya tukio lionekane kama limesimama nje ya saa. Rangi ikibadilika ghafla, au mipaka ikawa ya mawimbi, mara nyingi umeingizwa kwenye kumbukumbu au ndoto. Ukipitwa na alama hiyo utadhani mwandishi amejichanganya.

Kuna pia ufundi wa kugeuza ukurasa. Katika kitabu kinachosomwa kutoka kushoto, ukurasa wa kulia huishia kwenye swali: mlango unafunguka, mtu anageuka nyuma. Jibu linakungoja upande wa pili, ukurasa wa kushoto, ambao huwezi kuuona mpaka ugeuze. Kwa hiyo usipekue mbele. Na anayesoma kwenye simu ajue kwamba programu zinazokuza fremu moja moja huvunja mpangilio huu wote: fremu kubwa na ndogo zinakuwa sawa, na mianya inatoweka. Ni afadhali kioo kipana kinachoonyesha ukurasa mzima, na kilazwe pale mchoro unapovuka kurasa mbili. Mwenye kitabu cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi asikikunjue kwa nguvu siku ya kwanza. Alegeze kurasa chache za mwanzo, kisha chache za mwisho, hivyo hivyo hadi afike katikati. Uti wa kitabu hautapasuka, na michoro iliyomezwa na mkunjo itaonekana.

Manga, yaani hadithi za picha za Japani, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na jalada la mbele liko pale tunapozoea kuona la nyuma. Zamani wachapishaji wengi wa nje walizigeuza kama kwenye kioo ili kumrahisishia msomaji. Matokeo yake wahusika karibu wote wakawa wa mkono wa kushoto, na panga zilizovaliwa kiunoni kushoto zikahamia kulia. Mkipata toleo lisilogeuzwa, chukueni hilo. Kurasa kumi tu, jicho linazoea.

Wanaosema hivi ni vitabu vya watoto waangalie rekodi. Maus ya Art Spiegelman, inayosimulia jinsi wazazi wake Wayahudi walivyonusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ilipewa Tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Marjane Satrapi alisimulia utoto wake nchini Iran kwa wino mweusi mtupu katika Persepolis. Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie wanatuletea jiji la Abidjan, Côte d'Ivoire, la miaka ya 1970 katika Aya de Yopougon, yenye vicheko na umbea wa mtaani, bila vita wala njaa. Kwa sababu hiyohiyo, mzazi apitie kitabu kabla ya kumpa mtoto. Kuwa na picha si cheti cha umri.

Sasa njozi. Tatizo la majina mengi lina dawa nyepesi: kipande cha karatasi kinachotumika pia kama alamisho. Upande mmoja andika majina, kila moja na maneno matatu ya kumtambulisha mwenyewe. Upande wa pili andika sheria za uchawi wa dunia hiyo kadiri zinavyojitokeza: nani anaweza, anatoa gharama gani, na kitu gani uchawi huo hauwezi kukifanya. Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Liyongo hauawi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Tukishaijua sheria hiyo, kila anayemkaribia anatutia wasiwasi, na sindano inapotokea mkononi mwa mwanawe tunajua kwa nini ni yeye. Angeuawa kwa mkuki wa kawaida, tungekuwa tumedanganywa. Riwaya nzuri ya njozi hupimwa hapo. Shujaa akiokolewa mwishoni na nguvu ambayo haikutajwa popote, una haki ya kukasirika.

Ramani ikiwepo, irudieni kila safari inapoanza. Mtu anayetembea siku nzima na mzigo hufika kilomita 25 au 30. Mkiona jeshi limevuka bara kwa siku mbili, ama kuna uchawi ama mwandishi amelala. Vipe vitabu vya namna hii kurasa 50 kabla ya kuamua. Mfululizo wenye juzuu nyingi usomwe kwanza kwa mpangilio wa kuchapishwa, hata kama juzuu ya baadaye inasimulia mambo ya kale zaidi, kwa kuwa juzuu hiyo mara nyingi hufichua siri zilizotunzwa katika ile ya kwanza. Na asiseme mtu kwamba njozi ni ugeni kwetu: nchi ya Kusadikika aliyoibuni Shaaban Robert mwaka 1951 inaelea angani.

Mhariri, nina ombi kwa ukurasa wako wa vitabu. Mnapohakiki riwaya ya picha, mtajeni mchoraji sambamba na mwandishi, na kama rangi na herufi ni kazi ya watu wengine, nao watajwe. Mkichapisha sampuli, chapisheni ukurasa mzima kwa upana utakaoacha maneno ya viputo yasomeke. Fremu moja iliyokatwa na kubanwa pembeni mwa safu haimwonyeshi msomaji hata mwanya mmoja.

Mpenzi wa riwaya za picha na njozi