Yah: Laisensi ya dola 240 inayokata data kimya kimya, naomba hela yangu

Habari za kazi watu wa huduma kwa wateja,

Mimi ni fundi wa seva kwenye chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Dar, na wakala wenu wa hapa hapa ndo aliyeniuzia programu yenu ya takwimu, laisensi ile ya bei ya chini. Ofisi iligoma kulipa nikatoa mfukoni kwangu, hela ya kudunduliza miezi mitatu, maana wanachama walikuwa wanalalamika kila siku kwamba mfumo unaganda na mimi nilitaka kujua tatizo ni prosesa, memori au diski.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Niliwasha vmstat, ile amri ya Linux inayopima prosesa, memori na diski, saa sita kamili usiku, inaandika mstari mmoja kila sekunde, yani kwa siku nzima unapata mistari 86,400, hiyo ni data ya kawaida kabisa kwa mtu anayepima seva. Nikaingiza kwenye programu yenu, ikakubali, haikulalamika popote, ikanipa wastani wa prosesa asilimia 22. Nikamwendea bosi nikamwambia seva ni nzima. Kesho yake saa tisa alasiri mfumo ukaganda tena, dirishani foleni imefika mlangoni, kuna mama alikuwa anasubiri hela ya matibabu ya mwanae, na bosi ananiangalia mimi.

Usiku ule nikahesabu mistari. Kwenye faili langu 86,400, kwenye programu yenu 50,000 kamili. Sekunde 50,000 kutoka saa sita usiku zinaishia saa saba na dakika 53 mchana, kwahiyo mlinisomea usiku ambao hakuna mtu na asubuhi kidogo, alasiri yote mkaitupa, na alasiri ndo kila kitu kilikuwa kinatokea!

Nikashusha R, ile programu ya takwimu ya bure waliyoianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, nikahangaika nayo siku mbili kwa sababu sikuwa naijua, ila ilisoma faili lote. Kati ya saa tisa na saa kumi prosesa ilikuwa juu ya asilimia 90 karibu muda wote. Nyie mnauza takwimu mnajua hesabu za foleni, yani jinsi kazi zinavyosubiri zamu kwenye seva, kwenye foleni ile rahisi ya seva moja prosesa ikifika asilimia 90 kazi ya sekunde moja kwa wastani inatoka baada ya sekunde 10 hivi. Wastani wa siku hauwezi kukuonyesha hilo, sembuse wastani wa nusu siku.

Nilipompigia wakala akanijibu eti ninunue laisensi ya juu, dola 1,200. Huo ukomo wa mistari haupo kwenye ankara wala kwenye ukurasa wa bei, nimesoma mara tatu. Hapo mmeniuzia mbuzi kwenye gunia.

Bei kuwa kubwa ningevumilia, ningetafuta cha bure mapema. Kinachoniuma ni programu kukata data bila kusema neno halafu ikanipa jibu kama vile imesoma yote.

Naomba mnirudishie dola 240 ndani ya siku 14, ukomo uandikwe pale pale penye bei, na programu itoe onyo ikikata hata mstari mmoja. Nimeambatanisha risiti, faili lenyewe na picha ya skrini inayoonyesha 50,000.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi, sio kwa simu.