Deni si langu: futeni namba yangu na mumrudishie mama yangu fedha zake

Njoro,
Manispaa ya Moshi,
Mkoa wa Kilimanjaro.
3 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mikopo kwa Njia ya Simu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPIGIWA SIMU ZA KUDAIWA DENI LA MTU MWINGINE, NA SHILINGI 50,000 ZILIZOCHUKULIWA KWA MAMA YANGU MZAZI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Nina kibanda karibu na Soko la Mbuyuni na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Tangu tarehe 9 Desemba 2024, sikukuu ya Uhuru, napigiwa simu na watu wanaojitambulisha kuwa wametoka kwenu, wakimtafuta mwanamke nisiyemjua. Sijawahi kukopa kwenu wala kumdhamini mtu kwenu. Hadi tarehe 28 Februari nilikuwa nimehesabu simu 64 kutoka namba 11 tofauti, meseji mbali. Nimeziandika nyuma ya daftari langu la vipimo, tarehe na saa ya kila moja, kwa sababu niliona nikisema tu kwa mdomo nitaambiwa naongeza chumvi.

Laini hii niliinunua Aprili 2023 kwenye kibanda cha wakala karibu na stendi, nikasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho changu cha NIDA. Nikipiga *106# inaonekana kwa jina langu. Mwezi Januari nilikwenda duka la mtandao wangu wa simu nikaeleza yanayonipata, na mhudumu akanifahamisha kwamba namba ikikaa muda mrefu bila kutumika hurudi kwa kampuni ya simu, ikauzwa tena kwa mtu mwingine. Watu wenu wenyewe wameniambia kuwa mkopo huo ulichukuliwa Novemba 2022. Wakati huo namba hii haikuwa mikononi mwangu. Uthibitisho wa usajili unaoonyesha tarehe nimeuambatanisha, na ningefurahi kama mngeuomba siku ya kwanza nilipojieleza, kwa maana niliwaambia siku ileile.

Wiki ya shule kufunguliwa ndiyo iliyoniumiza zaidi kwa upande wa kazi. Fundi wa sare anakula mwaka mzima kwa Januari moja. Siku moja ya wiki hiyo nilikuwa nimekunja kitambaa cha bluu mara nne mezani, nakata sketi za marinda, mkono mmoja mkasi na mwingine umebana kitambaa kisiteleze. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na watoto wake wawili wakisubiri kupimwa. Simu ikaita, namba ngeni. Nikaipokea kwa spika kama ninavyofanya siku zote nikiwa nakata. Kijana wa upande wa pili hakusalimia. Alisema, "Wewe dada, pesa za watu unakula halafu unajificha Pasua, tunakuja kukutoa hapo na askari." Nikamwambia, "Mdogo wangu, umekosea namba, mimi siye." Akapandisha sauti: "Wezi wote wanasema hivyohivyo!"

Nilizima spika, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Yule mama aliniangalia, akaangalia bahasha aliyokuwa ameishika, yenye malipo ya awali ya sare za watoto wake. Aliniambia kwa upole kwamba anakwenda kutafuta chenji. Hakurudi. Simlaumu hata kidogo. Mimi ningekuwa yeye, nimemsikia fundi anaitwa mwizi mbele ya wanangu, ningefanya vivyo hivyo. Watoto walikuwa wawili, sare jozi mbili kila mmoja. Lakini kinachonikaa moyoni si hesabu ya sketi, ni kwamba yule mama ana majirani, na hapa mjini fundi anaishi kwa jina lake.

Kuna mmoja wenu alinishauri nibadilishe laini. Namba hii imeandikwa kwenye ubao wa kibanda changu, wazazi wa shule tatu wanayo, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinanitumia fedha humo, na ndiyo namba iliyoandikwa kwenye faili la mama yangu pale hospitali ya KCMC anakohudhuria kliniki ya presha. Kwa sababu hiyo siwezi hata kuacha kupokea namba ngeni. Kila inapoita, inaweza kuwa ni mteja, inaweza kuwa ni nesi. Natetemeka kwanza, ndipo napokea.

Sasa nizungumzie huyo mnayemtafuta. Jina lake sitaliandika hapa, japo nayajua majina yake yote matatu, kwa sababu mmenitajia. Najua alikopa shilingi 150,000 na kwamba leo mnamdai 487,000. Najua mtaa aliokuwa akiishi, najua alikuwa akiuza chakula na biashara ikafa, na najua mumewe alimwacha, maana kijana mmoja wenu aliona ni jambo la kunisimulia. Sikuuliza lolote kati ya haya. Mimi ni mtu baki kabisa kwa mwanamke huyu. Nikikutana naye Double Road kesho sitamtambua, lakini nimebebeshwa siri za nyumba yake kana kwamba ni dada yake. Kama ndivyo mnavyofanya kwa namba moja iliyokosewa, nawaza ni watu wangapi wengine mjini humu wameshasimuliwa habari zake. Anayedaiwa naye ni mtu. Ana haki ya kudaiwa bila kuvuliwa nguo.

Nitakuwa mwongo nikisema wote walikuwa wabaya. Tarehe 20 Januari alinipigia dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, akanisikiliza hadi mwisho, akaniomba radhi. Ndiye aliyenieleza kwamba wao wanapewa orodha kila asubuhi, wakiandika "namba si ya mhusika" inabaki kwenye maelezo tu, na kesho yake namba inarudi kwenye orodha ileile kwa mtu mwingine wa kupiga. Hana uwezo wa kuifuta. Nilimshukuru, na namshukuru hata sasa, naomba asiadhibiwe kwa kusema kweli. Ila alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike barua hii kwenu badala ya kuendelea kubishana na wapigaji. Vijana wale hawana ufunguo wa hili jambo. Ufunguo mnao ninyi.

Nafika kwenye kilichonitoa machozi. Jumatano tarehe 5 Februari mama yangu, mwenye miaka 71, alishuka kutoka Kibosho kwa ajili ya kliniki ya siku iliyofuata. Jioni nilikuwa uani naanua nguo, simu yangu ikaita mezani, akaipokea akidhani ni mdogo wangu. Akaambiwa kwamba binti yake anadaiwa, kwamba karatasi za polisi zimeshaandikwa, na asubuhi atachukuliwa mbele ya watoto wake. Mama akajibu, "Baba, mwanangu hana deni la mtu." Akaambiwa, "Bibi, mzazi hujui ya mwanao. Tuma hata 50,000 usiku huu, tuizuie gari." Akatajiwa namba ya kutumia fedha. Mama yangu hajui kusoma vizuri bila miwani, aliisogeza simu yake ndogo karibu na taa, akaingiza tarakimu moja moja huku akizitamka, akatuma. Niliporudi ndani nilimkuta amekaa kitandani ameishika simu kwa mikono miwili. Hakuniuliza kama ni kweli nadaiwa. Aliniambia tu, "Nimeshawapa kidogo, lala."

Fedha ile ilikuwa ya maziwa. Ana ng'ombe mmoja, anauza lita chache kwa siku, anaweka akiba kwa ajili ya dawa na nauli ya kushuka mjini. Asubuhi presha yake ilisoma juu kuliko mwezi uliotangulia, na dawa nilimnunulia mimi. Meseji ya muamala inaonyesha fedha zilikwenda kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi, si la kampuni. Nilipopiga simu kwenu tarehe 7 Februari kuuliza, nikaambiwa hakuna malipo yoyote yaliyoingia kwenye akaunti ya mdaiwa. Basi nauliza kwa maandishi: shilingi 50,000 za mama yangu ziko kwa nani? Aliyepiga alikuwa na jina la mdaiwa, kiasi cha deni na jina la kampuni yenu. Kama ni mfanyakazi wenu au wakala wenu, mnamjua. Kama mnasema si wenu, basi taarifa za wateja wenu zimevuja hadi kwa matapeli, na hilo ni zito zaidi ya deni langu lisilokuwepo.

Mimi si mwanasheria, lakini nimesoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu ahakikishe ni sahihi, na zenye makosa azirekebishe au azifute. Nimewapa taarifa ya kosa hili tangu Desemba. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Niliitafuta orodha ile nikaipitia mstari kwa mstari, jina lenu sikuliona. Kwa hiyo nawaandikia kama watu mnaofanya kazi kihalali na mnaojua wajibu wenu. Tena deni la mkopo ni madai, si jinai. Mwenye kudai anapeleka shauri mahakamani. Hamtishi ajuza kwa gari la polisi usiku.

Ninachoomba ni namba yangu iondolewe kwenye mfumo wenu wote, si kuandikiwa maelezo pembeni, na iondolewe pia kwa wakala yeyote mliyemkabidhi deni hili, kisha mniandikie barua inayosema hivyo ili atakayenipigia tena nimsomee. Namba ninayoisema nimeiandika kwenye uthibitisho wa usajili, pamoja na jina langu kamili. Fedha za mama zirudi kwenye namba iliyozituma, na nakala ya meseji ya muamala mtaikuta kwenye viambatanisho pamoja na kurasa nne za daftari langu. Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko haya Benki Kuu, tawi la Arusha, na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nauli ya Arusha nimeshaitenga.

Jambo moja zaidi, nalo kwangu ni kubwa kuliko fedha. Tangu siku ile mama yangu hashiki simu yangu tena. Ikiita akiwa karibu, ananiita nije niipokee mwenyewe, na bado sina hakika kama anaamini kwamba sidaiwi. Mimi nimemweleza, lakini mtoto anayejitetea kwa mama yake husikilizwa kwa huruma tu. Naomba mtu mzima katika ofisi yenu, mwenye cheo, ampigie kwa namba rasmi ya kampuni, ajitambulishe, amwamkie, na amwambie kwamba binti yake hakukopa na kwamba wao ndio waliokosea. Asiongee haraka, sikio lake la kushoto ni zito. Asubuhi huwa anakata majani ya ng'ombe. Anapatikana kuanzia saa kumi na moja jioni, akishamaliza kukama.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa sare, Mbuyuni, Moshi
(Sahihi imewekwa)