Mhariri, ile volkano ya Mayotte haikupigwa picha

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, sina kawaida ya kuandika barua ila ile habari yenu ya volkano ya Mayotte, kile kisiwa cha Wafaransa pale Komoro, imenikera kidogo. Eti meli ya Wafaransa "iliipiga picha" chini ya bahari, basi, habari imeisha. Jamani, mita 3,500 chini, giza totoro, kamera ione nini huko? Meli yenyewe, Marion Dufresne, Mei 2019, ilikuwa inatuma sauti chini na kusikiliza mwangwi, wakapata mlima wa mita 820 hivi ambao kabla haukuwepo. Na hapo wamejua mgongo wake tu, tumbo bado.

Shemeji yangu anakaa Mamoudzou, mji mkuu wa Mayotte. 2018 kuanzia Mei ni voisi kila siku, vikombe vinagongana kabatini, watoto wanalala uani, alafu tarehe 15 likapiga tetemeko la 5.9. Sasa cha ajabu ni hiki, matetemeko mengi yalikuwa karibu na Petite-Terre, kile kisiwa kidogo cha Mayotte, kilomita 20 mpaka 50 ardhini, lakini lava ikaenda kutokea kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa! Hilo unalijuaje kwa picha? Ilibidi wazamishe seismomita, mashine za kunasa mitikisiko ya ardhi, mpaka sakafuni mwa bahari ndo wakajua vizuri yanatokea wapi na kina gani. Mawimbi ya tetemeko kwenye mwamba mgumu yanakimbia, yakikuta mwamba wenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, yanachelewa, na yale yanayotikisa kwa ubavu hayapiti kabisa kwenye kitu kilichoyeyuka.

Graviti nayo, yaani nguvu ya uvutano, hamkuigusa kabisa. Mwamba mzito unavuta zaidi, hata maji yenyewe yanavutwa yakajaa juu ya mlima uliozama, mlima wa kilomita 2 unainua uso wa bahari kama mita 2 hivi, nahodha anapita juu yake hana habari ila satelaiti inaona. Ndo milima mingi ya chini ya bahari ilivyojulikana ipo kabla meli haijafika.

Nendeni sokoni mkamwangalie mama anayechagua nazi. Anaitikisa sikioni asikie maji, alafu anaipima uzito mkononi, havunji hata moja na harudi nyumbani na nazi mbovu. Akiipima tu bila kuitikisa anaweza kudanganyika, na volkano ni hivyohivyo, manake mwamba mzito mdogo ulio karibu na mkubwa ulio mbali chini kipimo cha graviti kinaweza kusoma sawasawa, ni mawimbi ya tetemeko yanayosaidia kujua upi ni upi.

Na tarehe 11 Novemba 2018 ilitoka ngurumo nzito ya chini huko Mayotte, dakika zaidi ya 20, hakuna binadamu aliyeihisi lakini mashine za Kenya ziliinasa, mpaka Hawaii ikafika. Mimi siku zile sikuona hata mstari mmoja kwenye magazeti yetu, na sisi huku kusini tumetazamana na Komoro kabisa. Mkiandika tena naomba mtuwekee na haya, tutasoma tu hata ikiwa ndefu.

Shemeji anasema siku hizi vikombe vimetulia. Ila amevihamishia shelfu ya chini.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara