Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Matumaini na Hofu Zetu Kuhusu Hammerfell

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, ndugu wanachama mliomo humu ukumbini, nanyi wenzetu wa Mombasa na Muscat mnaotusikiliza kwa simu,

Nawashukuru kwa kufika. Katiba yetu inanitaka kila mwaka nieleze chama kimefanya nini na kinaelekea wapi. Mambo ya fedha atayasoma Mweka Hazina baada yangu. Kwa upande wangu niseme tu kwamba kompyuta ya chama ni nzima, ada inalipwa vizuri kuliko mwaka jana, na mwenye chumba tunachokutania ametukubalia tuendelee nacho mradi luku tununue wenyewe. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo ambalo kila Jumamosi linatuchelewesha kurudi makwetu: The Elder Scrolls VI, gemu tunayoingoja kutoka kampuni ya Bethesda, itatupeleka wapi, na tukifika huko tutakuta nini?

Wapo wanachama wapya, kwa hiyo nianze na yale yanayojulikana. Tarehe 10 Juni 2018, Todd Howard wa Bethesda alionesha kionjo cha gemu hii cha sekunde 36. Tangu siku hiyo hatujaoneshwa picha nyingine ya gemu yenyewe. Skyrim, gemu ya tano katika mfululizo huu, ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ana miaka 14, na huenda yuko kidato cha kwanza au cha pili. Katikati hapo Bethesda wakatoa gemu ya anga ya Starfield, Septemba 2023, na ndipo nguvu zao kubwa zikahamia kwenye kazi tunayoingoja. Machi 2024, The Elder Scrolls ilipotimiza miaka 30, walituambia kwamba tayari wanacheza matoleo ya awali ya gemu mpya ndani ya ofisi zao. Gemu hizi hutokea katika bara la kubuni la Tamriel, na jina la jimbo la safari hii hawajalitaja hadi leo.

Sasa mbona wengi wetu tunasema Hammerfell, jimbo la watu waitwao Redguard, kana kwamba tumeandikiwa? Kwa wale ambao hawakuwepo siku tulipokitazama kionjo ukutani, tukikisimamisha picha moja baada ya nyingine, nieleze tulichokiona. Ukungu unapita, kisha milima ya mawe yenye majani machache, mikavu, si ya theluji kama ya Skyrim. Upande mmoja kuna bahari inayoingia ndani ya nchi kavu. Chini bondeni kuna kitu ambacho wengine wetu wanakiona kuwa kuta za mji na wengine wanasema ni mawe tu. Kisha mkesha wa mwaka mpya wa 2021 ukurasa rasmi wa The Elder Scrolls ukaweka picha ya ramani ya Skyrim yenye mishumaa juu yake, na maneno kuhusu kuichora ramani ya wakati ujao, na mashabiki dunia nzima wakapima mshumaa upi umesimama wapi. Hammerfell inapakana na Skyrim kwa upande wa kusini-magharibi. Wapo kati yetu wanaoshikilia kuwa ni jimbo jirani la High Rock, na lipo kundi la tatu linalotaka vyote viwili, yaani nchi zinazoizunguka Ghuba ya Iliac kama ilivyokuwa kwenye gemu ya Daggerfall mwaka 1996. Mimi nasimama na Hammerfell, na taarifa hii nimeiandika kwa msimamo huo.

Niseme kwanza kwa nini naitamani.

Kumbukeni lango la mji wa Whiterun ndani ya Skyrim. Wanaume wa Alik'r, jangwa la Hammerfell, wamesimama hapo wanabishana na walinzi, wanamtafuta mwanamke wa kwao. Mwanamke huyo yumo mjini, anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya Bannered Mare na anajiita Saadia. Ukimwambia kwamba anatafutwa, anakupeleka faragha, anachomoa jambia, kisha anakusimulia kuwa jina lake halisi ni Iman, wa ukoo wa heshima, na kwamba anawindwa kwa sababu aliinuka akaipinga hadharani Aldmeri Dominion, himaya ya Waelf. Unamwendea Kematu, kiongozi wa wale wanaume, pangoni. Naye anakwambia kwamba mwanamke yule ndiye aliyeuuza mji wa Taneth kwa Dominion hiyohiyo. Unalazimika kuchagua umkabidhi nani kwa nani, na gemu inaisha bila kukwambia aliyesema kweli. Mwaka huu tulilijadili jambo hilo jioni nzima. Wanawake wengi wa chama chetu walimwamini Saadia, na hoja yao ilikuwa nzito: kwa nini watu wenye haki watume kikosi cha kukodi badala ya kumshitaki mbele ya Jarl, mtawala wa mji? Upande wa pili walijibu kuwa Jarl wa Whiterun yuko chini ya Dola, yaani himaya iliyowahi kuyatawala majimbo yote ya Tamriel, na Dola ndiyo iliyowatupa Redguard.

Hapo ndipo penye utajiri wa Hammerfell, ndugu zangu. Mwaka 175 wa Enzi ya Nne ya Tamriel, Mfalme Mkuu wa Dola, Titus Mede II, alitia saini Mkataba wa White-Gold, na kwa saini hiyo akaikabidhi Dominion sehemu kubwa ya kusini mwa Hammerfell, nchi ambayo watu wake walikuwa bado wanaipigania. Redguard wakakataa. Dola ikawaengua ili mkataba uishi. Wakaendelea na vita peke yao; makundi yao mawili, Wacrown na Waforebear, waliokuwa hawapikiki chungu kimoja kwa vizazi na vizazi, yalikuwa yamekwisha kuungana kabla ya mkataba, pale watu wa mji wa Sentinel walipokwenda kuuvunja uzingiraji wa mji wa Hegathe. Mwaka 180 Dominion ikaondoka, nchi ikiwa imeharibika. Tukifika Hammerfell baada ya hayo, tutaingia katika nchi huru iliyojikomboa bila msaada, yenye machungu na Dola, yenye hofu ya Dominion kurudi, na yenye familia ambazo hazijasahau nani alisimama wapi. Mwandishi akipewa nchi kama hiyo ana la kuandika. Hatuhitaji joka jingine la kuangamiza dunia ili tuione thamani yake.

Na sasa hofu, ambazo kwa kweli ndizo zilizotawala vikao vyetu.

Hofu ya kwanza ni ya kupoteza sura ya nchi. Tumewahi kuliona likitokea. Mwaka 1998, pamoja na gemu ya Redguard, Bethesda walitoa kijitabu cha kueleza majimbo ya Tamriel, na humo Cyrodiil, jimbo la katikati lenye makao ya Dola, ilikuwa nchi ya misitu minene ya mvua, yenye mito na mpunga. Oblivion ilipotoka mwaka 2006 tukaikuta Cyrodiil ya mashamba ya kijani na ngome za mawe, nchi nzuri, lakini inayofanana na nyingi tulizokwisha kuziona. Aprili mwaka huu ilipotoka Oblivion iliyofanyiwa ukarabati, wengi wetu tuliicheza kwa furaha, na mimi niliifurahia kama wenzangu, ila swali likarudi palepale: ule msitu ulikwenda wapi? Miaka minne kabla ya Oblivion ile ya 2006, gemu ya Morrowind ilikuwa imethubutu. Kule kwenye kisiwa chake cha Vvardenfell watu walisafiri juu ya wadudu wakubwa kama majumba, wachawi wa Telvanni waliishi ndani ya uyoga, na mgeni alijua tangu hatua ya kwanza katika kijiji cha Seyda Neen kuwa hayuko kwao. Tunataka Hammerfell ya kiasi hicho.

Kwa hiyo tunaogopa kupewa mchanga, panga lililopinda na kilemba, basi. Alik'r ni jangwa kweli, lakini Hammerfell ni ndefu kuliko jangwa lake. Ina milima kuelekea Skyrim. Ina pwani ndefu: Sentinel inayoitazama Daggerfall ng'ambo ya ghuba, Hegathe, Gilane, Taneth, Rihad, na kisiwa cha Stros M'Kai ambako Cyrus alimtafuta dada yake Iszara katika gemu ile ya 1998. Redguard wenyewe walikuja kwa bahari, bara lao la Yokuda lilipozama. Watu waliofika kwa merikebu hawawezi kuelezwa kwa ngamia peke yake.

Sisi tuliokulia pwani tunalihisi jambo hili kuliko wengine. Hakuna aliyetuahidi kuwa Hammerfell imechorwa kutokana na Kilwa, Lamu au Unguja, nami silidai hilo. Lakini Redguard ndio watu weusi wa Tamriel, na mji wa bandari wa watu weusi wenye biashara, elimu, fitina za koo na kumbukumbu za vita ni kitu tunachokijua namna kinavyopumua. Tunajua kuwa bandarini kuna mtoza ushuru, kuna mpiga chuku, kuna mama anayeuza chakula kwa mabaharia na kuzijua habari zote kabla ya liwali. Nikiingia Sentinel nataka nimkute mtu wa namna hiyo, awe na jina, awe na la kusema siku mwanawe aliyekwenda Hegathe anapotajwa. Nataka niwakute Waash'abah, ambao wale waliocheza The Elder Scrolls Online wanawafahamu: Redguard huona ni kufuru kuinua silaha dhidi ya maiti za wahenga wao, kwa hiyo wafu wanapofufuliwa ni hao Waash'abah wanaoifanya kazi hiyo, na kwa kuifanya wanatengwa na watu walewale wanaowalinda. Desturi moja kama hiyo inaijenga nchi kuliko maili mia za mchanga.

Hofu ya pili ni ya ukubwa. Daggerfall ilikuwa na maeneo zaidi ya 15,000 ya miji, vijiji na mahandaki, yaliyopangwa na kompyuta kwa sehemu kubwa, na aliyeyapitia machache alikuwa ameyaona mengi. Starfield ikaja na sayari zaidi ya 1,000, na wengi wetu tukachoka kukuta kituo kilekile, chenye meza zilezile, kwenye dunia nyingine. Jangwa linamshawishi mtengenezaji arudie hayo, kwa kuwa ni rahisi kusema mchanga ni mchanga. Wanachama wetu wanaotengeneza modi, yaani nyongeza za gemu zinazotungwa na wachezaji, wamelieleza hili vizuri kuliko mimi: jangwa lililopangwa kwa mkono lina visima, na kila kisima kina mwenyewe; lina njia za misafara, makaburi, na mahali pa kujificha upepo. Kama ramani itakuwa ndogo kuliko ya Skyrim lakini kila bonde limeguswa na mtu aliyefikiri, mimi nitaridhika.

Lipo pia suala la mashine, nalo linatugusa sana huku kwetu. Nyaraka za Microsoft zilizoonekana Septemba 2023 wakati wa kesi yao na tume ya biashara ya Marekani ziliorodhesha gemu hii kwa Xbox na kompyuta, na zilisema haitarajiwi kabla ya 2026. PlayStation haikuwemo. Microsoft ndiyo inayoimiliki Bethesda tangu 2021. Mnajua wenyewe kwenye vibanda vyetu vya gemu watoto wanashika pedi za nani. Hata hivyo Aprili mwaka huu Oblivion iliyokarabatiwa ilitoka PlayStation 5 siku ileile moja na kwingineko, na siku chache kabla yake, mwezi huohuo, Indiana Jones, gemu nyingine ya Bethesda, nayo ilikuwa imefika PlayStation 5, kwa hiyo naona mlango umefunguka.

Jambo moja lilinipa moyo mwaka huu. Mwezi Februari, Bethesda na shirika la hisani la Make-A-Wish walipiga mnada nafasi ya kubuni mhusika mmoja atakayekuwemo ndani ya The Elder Scrolls VI, na ikanunuliwa kwa dola 85,450. Mtu hutoa fedha kama hizo kwa mahali anapopapenda kabla hajapaona, na fedha zenyewe zimekwenda kwa watoto wagonjwa.

Kamati yenu inaleta mapendekezo matatu. Kwanza, Jumamosi za mwakani tuzianze na Redguard ya 1998, kisha Daggerfall, ambayo tangu 2022 inapatikana bure kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, ili ahadi zitakapotolewa tuwe tunazijua zile za zamani. Pili, iundwe kamati ndogo ya watu watano, angalau wawili wakiwa wanawake na mmoja akitoka kundi la Mombasa, iandike maoni ya chama kuhusu Hammerfell kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, tuyapeleke Bethesda kwa njia rasmi. Maoni hayo yaguse pwani, desturi za Redguard, na sauti: tungependa waigizaji wenye asili ya Afrika wafikiriwe kwa wahusika hao. Tatu, wanachama wetu wanaojifunza kuchora na kutunga modi wasaidiwe bando na muda wa kompyuta ya chama ili wajiunge na watengeneza modi wa Beyond Skyrim, ambao kundi lao moja limeshika Ghuba ya Iliac na linaijenga Hammerfell kwa kujitolea. Gharama za pendekezo la tatu zimo kwenye makadirio atakayoyasoma Mweka Hazina.

Mjadala kuhusu High Rock nimeuwekea nafasi baada ya chai. Wenye hoja waandike majina kwa Katibu.

Naomba kuwasilisha.