Mchambuzi wa hisa apimwe kwa daftari

Ndugu Mhariri,

Hapa Dodoma mabishano juu ya mchambuzi mmoja wa hisa mwenye wafuasi wengi yamefika hadi vijiwe vya kahawa. Wapo wanaoapa kwamba hakosei, wapo wanaosema anabahatisha. Sijaona upande uliofungua daftari.

Wanaomtetea wajibu kwanza: bei ilipanda kwa sababu aliona mbali, au kwa sababu alisema? Soko la Hisa la Dar es Salaam lina kaunta (yaani hisa za kampuni moja moja) ambazo siku inapita bila hisa hata moja kuuzwa. Wafuasi wake wakimimina oda za kununua asubuhi moja na wauzaji ni wachache, bei itapanda tu. Wakitaka kutoka, wanunuzi hawaonekani. Kwa hiyo andikeni tarehe ya kauli yake, bei ya siku hiyo, na idadi ya hisa zilizouzwa kabla na baada. Bei peke yake inadanganya.

Halafu gharama. Tuseme umenunua hisa 1,000 kwa shilingi 500, na makato ya dalali, soko na mamlaka ni kama asilimia 2: umetoa 510,000. Bei ikifika 520 ukauza, makato tena 10,400, unabaki na 509,600. Mtaalamu anatamba amepatia kwa asilimia 4, wewe umepoteza shilingi 400! Upande wa pili nao wasimwonee: bei ikishuka baada ya daftari la wanahisa kufungwa kwa ajili ya gawio (faida wanayogawiwa wanahisa), hajakosea, maana anayenunua baada ya hapo hapati gawio hilo. Gawio la shilingi 40 kwa hisa, ukitoa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 5, linakuachia 38, nazo zihesabiwe.

Wanaomlinganisha na DSEI, fahirisi inayoonyesha mwendo wa bei za kampuni zote za soko letu, nao wanakosea kipimo. Fahirisi hiyo imebeba pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huku, kama benki ya KCB na kampuni ya bia ya EABL, ambazo bei zake hupangwa Nairobi. Kwa hisa za nyumbani tumieni TSI, fahirisi ya kampuni za Tanzania pekee.

Tena, tangu sheria ya mwaka 1994, anayefanya kazi ya kushauri uwekezaji anatakiwa kuwa na leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, na orodha ya wenye leseni iko wazi. Kuangalia jina lake ni kazi ya dakika tano. Akionekana humo, bado aulizwe kama hisa anazozisifu tayari anazo, na alizinunua lini.

Mwekezaji mdogo,
Area C, Dodoma